Skrubu za Bahati

"Mzigo umetoka Bahati. Una dakika arobaini."

Simu ya mkubwa wake ikakatika. Dalmas akakanyaga mafuta, Subaru ikanguruma kuelekea Gilgil.

Bahati, nje ya Nakuru, kulikuwa na maabara. Walisaga mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, wakachanganya unga wake na plastiki inayoyeyuka mwilini, wakaunda skrubu za kuunga mifupa. Mfupa ukipona, skrubu imeshaisha yenyewe.

Leo mtu alikuwa ameziiba na kujaza boksi la hospitali skrubu za plastiki ya kawaida. Saa sita, hospitalini Nakuru, Emmy wa miaka tisa angewekewa takataka hiyo mguuni.

Mwizi ni Ndung'u, fundi wa maabara. Rafiki wa pekee wa Dalmas, jamani! Miezi minane Dalmas, jasusi wa serikali, alifagia maabara ile kwa jina la Maxwel, na kila Jumapili alikula kwa Ndung'u.

Hotelini Gilgil, Ndung'u alikuwa na mgeni wa suti, pakiti za skrubu mezani kati yao. Mgeni akapeleka mkono kotini.

Haukufika.

Kiwiko kimoja cha Dalmas, kisha pingu. Bastola yake ya Glock ikamgeukia Ndung'u.

"Maxi? Ni wewe?"

"Za kweli ziko wapi?"

"Hospitali, haki ya Mungu! Hizi ni feki, bro. Namchezea tu huyu jamaa."

Dalmas alitaka sana kumwamini.

Akapasua pakiti moja, akatumbukiza skrubu kwenye chai iliyotoka jikoni sasa hivi. Akahesabu hadi sitini. Akaitoa kwa uma, akaibonyeza.

Ikapinda kama tambi.

Plastiki ya kawaida isingelegea. Ndung'u mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Simamisheni upasuaji," akasema redioni. "Za kweli ninazo."

Askari wa doria wakafika, wakaondoka mbio na pakiti zilizobaki. Wengine wakamwinua Ndung'u.

"Umebeba mtoto wangu wewe," Ndung'u akasema, machozi yakimtoka. "Jina lako hasa ni nani?"

Dalmas akampa kisogo, akaenda garini.

Saa tisa alikuwa bado ameketi garini. Simu ikalia.

"Mguu wa mtoto umeungwa vizuri. Maxwel hayupo tena. Kesho uko Kisumu."

"Sawa, mkubwa."

Simu ikalia tena. Wachuka, mke wa Ndung'u.

"Shemeji, huyu mzee hashiki simu. Mko pamoja? Nimewapikia mukimo."

"Tuko pamoja, shemeji."

"Basi msichelewe."

Akatoa laini ya Maxwel, akaivunja. Akavaa miwani, akashuka, akaenda zake kwa miguu kuelekea barabara kuu.