Probox ya Kafedha na Nati Zilizokazwa kwa Miguu

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki, haya yote ni kweli, sijatia chumvi hata punje. Atakayenikamata na uongo wa neno moja, nitatoa kadzama nzima, mtungi wa mnazi uliojaa, wenye haki yao wainywe mimi nikiangalia.

Basi. Spana ilimpata Baya begani kabla hajauliza habari.

— Gedion, shemeji yangu, kuna nini?

— Kuna damu ya dada yangu. Ile pale kwenye kioo.

Baya ni fundi wa gereji kule Bofu, na Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa amuoe Kafedha, dereva wa teksi. Gedion ni kakake Kafedha, mpakiaji wa bandarini, kiganja chake sawa na sinia. Kafedha mwenyewe alishuka kwenye Probox yake, leso imebanwa kwenye paji la uso. Asubuhi hiyo alikuwa akitoka Airport kwa barabara ya Dongo Kundu, akakanyaga breki kumkwepa mbuzi. Usukani ukamtetemekea mikononi kama mtu mwenye malaria, gari likaparuza ukingo wa chuma, paji likapasuka. Na breki hizo, aliyezitengeneza mwezi jana ni Baya.

Gedion akatoa simu ya dadake, akasoma kwa sauti:

"Ukishaingia kwangu gari utaliacha. Utake usitake."

— Hii meseji yako?

— Yangu.

— Basi uliliharibu ili aliache.

— Siwezi kumfanyia hivyo Kafedha.

Spana ya pili ikamlaza kwenye oili chafu. Baya akainuka na mkono wa jeki, akamchapa Gedion ugoko, Gedion akamrudishia kichwa, jino likaruka likaingia kwenye kopo la grisi. Hapo akatokea mzee mmoja mstaafu, jirani, mtanashati sana, akawatenganisha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika kikombe cha chai, na chai haikumwagika.

Kafedha hakulia. Alifungua mlango wa gari.

— Baya, ingia.

— Wanipeleka polisi?

— Nakupeleka Dongo Kundu. Na mkanda usifunge.

Akaendesha mpaka mshale ukapita mia. Daraja likawa linawajia mbio.

— Uliichezea breki yangu?

— Sikuichezea.

— Na ile meseji?

— Wivu, Kafedha. Abiria wako wa Airport wakupigia simu usiku na mchana. Niliona nakupoteza.

— Ukaona bora nife.

— Kanyaga breki.

— Una wazimu wewe?

— Kanyaga nisikie gari lasema nini. Kama ni mimi nimeliharibu, tufe sote.

Kafedha akakanyaga. Usukani ukaruka, Baya akagonga kichwa mbele, damu ikamshukia hadi kidevuni. Lakini kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya kiti, kimetulia kama cha daktari.

— Kiti hakitikisiki. Ni usukani peke yake. Basi tatizo liko kwenye diski za mbele. Zingekuwa breki za nyuma, ungetikisika makalio.

Kafedha nusura acheke, akajichukia kwa hilo.

Walirudi Bofu. Gedion akasimama juu ya kichwa cha Baya na spana yake.

— Nikiona kosa ni lako, navunja kidole kimoja kimoja.

Baya akaanza na gurudumu la kulia, alilolifunga mwenyewe. Nati zikalegea kwa mkono mmoja. La kushoto likagoma, mpaka wanaume wawili wakaning'inia kwenye spana. Diski ilipotoka, ilikuwa na mabaka ya buluu kama jicho la aliyepigwa ngumi.

— Imepinda, akasema Baya. Hizi nati zimekazwa kwa nguvu za fahali, tena moja baada ya nyingine kwa mzunguko. Nati hukazwa kwa kuvukana, huku kisha kule, na kwa mkono. Na diski ikiwa bado ya moto, aliyeifunga kaimwagia maji baridi.

— Pancha ya juzi, akasema Kafedha taratibu.

Ilikuwa kazi ya mtu fulani wa pancha, mpita njia, keshahamia Lunga Lunga. Alivisha spana bomba refu, akairukia mara tatu mpaka goti likamlia, kisha akalimwagia gurudumu ndoo ya maji ya kisima ling'ae.

Gedion akaiangusha spana.

— Nipige.

Baya akampiga moja, safi, akaanguka. Kisha akamwinua, wakakumbatiana wote damu tupu.

Diski zilipelekwa Changamwe kuchongwa zikawa sawa, zikafungwa na brekipedi mpya. Kafedha akalijaribu gari peke yake. Lilisimama kimya. Simu ya Baya ikaita.

— Ile meseji yako bado ipo.

— Naifuta sasa hivi.

— Usiifute. Andika nyingine chini yake.

Baada ya dakika ikamfikia: "Gari ni lako. Nikikuudhi, nishushe njiani."

Jumamosi Kafedha aliendesha mwenyewe hadi kanisani, shela kichwani, bwana harusi pembeni amefunga mkanda.

Hapo ndipo nilipotaka kukomea. Kumbe Kafedha yuko nyuma ya bega langu, anasoma.

— Shikamoo, baba mdogo.

— Marahaba, mwanangu.

— Umejuaje aliruka mara tatu?

Nikanywa chai.

— Na goti lilimlia, ulilisikia ukiwa wapi?

— Mwanangu, hadithi lazima iwe na...

— Nilikupa kazi ya kuniitia mtu wa pancha. Hukumwita. Gurudumu ulilifunga wewe. Na siku ya vita hukumtenganisha mtu, ulikuwa umejifungia choo cha gereji, Gedion akauvunja mlango ndipo ukatoka.

Goti likanisaliti, likalia pale pale.

Leo nimeibeba kadzama mwenyewe kutoka Timbwani hadi Bofu, nikichechemea. Baya na Gedion wameketi mkekani na plasta zao usoni, wanapokezana. Nimeomba tone moja tu la kulainisha koo.

— Baba mdogo, akasema Kafedha, uliandika mwenyewe: wainywe wewe ukiangalia.