Treni Iliyotaka Kuishia Sokoni

Nilipokuwa mdogo, mama alirudi kutoka kazini na nyuzi nywelini. Nilimngoja kwenye ngazi, nikazitoa uzi mmoja mmoja. Zikiwa nyekundu, nilijua wameshona nguo za watoto. Zikiwa za buluu, ni suruali.

Mama yangu, Dalila, alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo cha Bir Zitun, nje kidogo ya jiji la Tunis. Wakati huo treni ya zamani ilifika hadi langoni mwa viwanda. Wanawake walishuka wakiimba, mikate ya moto kwapani, vishada vya yasmini kifuani. Hadi leo nikinusa yasmini nasikia breki za treni ile.

Treni ilizeeka, ikaondolewa. Mwenye kiwanda akaleta basi bovu. Miaka ikapita, nami nikawa msichana mkubwa. Ndipo tukasikia habari njema: njia ya treni ya umeme itarefushwa hadi kwetu.

Mchoro wa reli ukabandikwa kwenye baraza la mji. Mama aliutazama kwa muda mrefu.

"Inaishia sokoni," alisema. "Haifiki viwandani."

Kutoka sokoni hadi kiwandani kuna barabara ndefu katikati ya mizeituni, haina taa hata moja. Zamu ya kwanza huanza kabla ya jua kuchomoza. Na mwenye kiwanda alikwisha sema: treni ikija, basi linaondoka.

"Basi nitaacha kazi," mama alisema. "Siwezi kupita pale gizani peke yangu."

Kaka yake, mjomba Hedi, alijipiga kifua. "Niachie mimi. Nina mtu wangu ofisi ya reli."

Akabeba sanduku la baklawa, vitamu vya lozi na asali. Alirudi mikono mitupu.

"Amesema ataona," alituambia.

"Aone nini? Reli au baklawa?" mama aliuliza.

"Wewe Dalila, ulimi wako utakuponza."

Jirani yetu Wassila alikuwa mpangaji wa njia za mabasi mjini. Jioni ile alikuja kuazima sufuria, akatukuta tumenuna. Mama alimweleza yote.

"Abiria walihesabiwa lini?" Wassila aliuliza.

"Ramadhani. Vijana walisimama langoni kwetu saa kumi na moja jioni."

"Na nyinyi mlitoka kazini saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Ramadhani nani anashona hadi jioni? Saa kumi na moja sote tulikuwa jikoni, tunakoroga supu ya kufuturu."

Wassila alicheka hadi akaweka sufuria chini. "Basi dada yangu, walihesabu paka. Ratiba yao iliandikwa mapema, hakuna aliyekumbuka kwamba Ramadhani husogea kila mwaka. Reli hupelekwa penye watu. Asiyehesabiwa, kwao hayupo."

"Sasa tufanyeje? Tutafute mtu mkubwa zaidi?"

"Hamhitaji mtu. Ule bado ni mchoro tu. Baada ya Idi kuna mkutano wa wananchi, na kila mkazi ana haki ya kusema. Nendeni wote. Kila mmoja ataje zamu yake. Ombeni hesabu irudiwe siku za kawaida."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mjomba Hedi aliketi mbele, ubavuni mwa mtu wake. Mtu huyo akasema, "Hesabu inaonyesha watu hawaendi viwandani."

Mama alisimama.

"Kaa chini," mjomba alinong'ona. "Unaniaibisha."

Mama hakukaa. "Bwana, mlituhesabu saa ambayo hata wewe ulikuwa nyumbani unangoja adhana. Rudini siku ya kawaida. Njooni alfajiri, njooni na jioni."

Ukumbi ulicheka. Wanawake wakasimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaja zamu yake. Mama akamgeukia kaka yake. "Na wewe Hedi, usipeleke tena baklawa kwa ajili yangu. Haki yangu haina sukari."

Vijana wa kuhesabu walirudi. Safari hii langoni palikuwa na watu kama sikukuu. Mchoro ukabadilishwa, na reli ikavutwa hadi viwandani, pale pale ilipokuwa ikisimama treni ya zamani.

Mama alishona hadi akastaafu. Siku hizi mimi ndiye ninayepanda treni hiyo. Hakuna anayeimba tena, kila mtu yuko na simu yake. Lakini wakati wa kiangazi kuna mwanamke hupanda na yasmini kifuani, nami hufumba macho hadi kituo cha mwisho.

Mjomba Hedi naye huja kwa treni hiyo kila Idi. Anakula, anakunywa chai, kisha anaanza.

"Uliniaibisha mbele ya watu, Dalila. Hujaniomba radhi mpaka leo."

Mama humwongezea chai.

"Umekuja kwa usafiri gani, Hedi?"

"Kwa treni."

"Basi kunywa chai. Radhi siombi."