Bomba la Bibi Kasilda

Kila siku baada ya shule Ketsia alivua sare, akajifunga kitenge kiunoni, akaketi kwenye kigoda mbele ya karai. Karai lenyewe lilikuwa jeusi nje na jekundu ndani, kwa sababu tangu asubuhi mama yake, Charlotte, alikuwa akikaangia samaki na ndizi kwa mawese kando ya soko la Gitega. Mama aliuza, Ketsia aliosha. Alichemsha maji kwenye mbabula ya makaa, akayamwaga karaini, akasugua kwa majivu na sabuni mpaka mafuta yote yakaachia. Kisha akayamimina kwenye tundu la maji machafu lililokuwa uani. Maji mekundu yalizunguka, yakamezwa, yakaenda. Yalikokwenda hakuna aliyejua, wala aliyeuliza. Maji machafu yakiondoka hayaagi.

Nyumba hiyo ya mtaa wa Yoba ilikuwa ya zamani, ya matofali mekundu, iliyojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya familia moja. Sasa mwenye nyumba, Bibi Kasilda, alikaa vyumba vya mbele. Vile vya nyuma alipangisha: upande mmoja fundi cherehani, mkewe na mtoto wao Sudi, upande wa pili akina Ketsia, waliotoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Watu waliongezeka, bomba la maji machafu likabaki lilelile moja. Lilizikwa chini ya ua, likapita karibu na mparachichi mkubwa, likaishia kwenye shimo lililofunikwa kwa zege.

Mwezi wa sita, kiangazi kilipoanza na baridi ya asubuhi ikawa inauma masikio, bomba likagoma. Kwanza maji yalisimama tunduni kana kwamba yanafikiria kurudi. Halafu choo nacho kikaanza kurudisha kilichopewa. Mwishowe uani kukawa na dimbwi jeusi, inzi juu yake, na harufu iliyomfuata mtu mpaka darasani. Bora, mdogo wake Ketsia, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akaanza kuharisha. Nesi wa kituo cha afya alimwuliza mama mtoto anachezea wapi, na mama akainamisha kichwa.

Bibi Kasilda hakuhitaji nesi. Alitoka nje, akaziba pua kwa ncha ya kitenge, akasema mbele ya wote:

"Tangu nimeolewa hapa tiyo haijaziba hata siku moja. Mmefika nyinyi watu wa Kongo na uchafu wenu, imeziba. Mi sina maneno mingi. Jumamosi mtoke."

Charlotte aligeukia mlango wake. Alikuwa amekwisha kuhama mara nyingi, na mtu wa namna hiyo hujua begi liko wapi kabla ya kujua ugomvi unahusu nini. Walitoka Uvira wakaenda Muyinga, kwa mjomba Valentin anayepakua malori mpakani Kobero. Kutoka Muyinga wakaja Gitega. Sasa Charlotte akaingia ndani na kuanza kukunja nguo. Maana yake ilikuwa moja: kurudi Kobero. Na mitihani ya kufunga mwaka ilikuwa wiki inayofuata. Kila walikohamia Ketsia alianza tena mkiani mwa darasa, akapanda kidogo kidogo, na kila alipokaribia juu ngazi ikaondolewa.

"Hatutoki," alisema Ketsia.

Mama alichungulia mlangoni akamkata jicho. Ketsia akashusha sauti, lakini neno hakulishusha.

"Samahani, bibi. Lakini hatutoki. Sisi si wachafu. Muangalie kwanza ndani ya bomba."

"We mtoto uko na mdomo."

"Ndiyo, bibi. Na karai langu linang'aa."

Usiku huo mama alimgombeza mpaka akachoka. Alimwambia kwamba mgeni hana mdomo, ana masikio tu. Ketsia alisikiliza kwa masikio yote mawili na hakubadilisha kitu moyoni. Na shuleni mambo yalikuwa yaleyale. Sudi alikuwa amembatiza jina, akamwita Tiyo, yaani bomba, na kila alipopita, wavulana wakabana pua. Ketsia aliwaambia wasubiri. Bibi Kasilda, hata kama angewafukuza watu, asingeweza kulifukuza dimbwi. Alikuwa amekwisha kumpigia simu mzibuaji wa mabomba. Ketsia alimngoja mtu huyo kama mshtakiwa anavyomngoja shahidi wake.

Aliitwa Adriano. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Tanzania na kujifunza ufundi Kigoma. Siku hizi alikaa Muyinga, na watu walimwita mpaka Gitega kwa sababu alikuwa na waya mrefu wa kuzibulia. Alifika Ijumaa adhuhuri kwa basi, watoto wakiwa wametoka shule, waya uliokunjwa mviringo begani, buti za mpira miguuni, na sauti iliyotangulia kufika.

"Hamjambo wenye nyumba. Poleni na pua."

Alifunua chemba, yaani kile kisima kidogo chenye mfuniko ambacho mafundi hukitumia kulichungulia bomba. Alichungulia, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na rafiki wa siku nyingi. Watoto walipomzunguka akawaeleza, maana hakuwa mtu wa kufanya kazi kimya. Nyumba za zamani, alisema, mabomba yake ni ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vifupi vilivyoungwa kwa saruji. Saruji ya maungio ikizeeka hupasuka, na mti ulio karibu hunusa maji.

"Nyumba hizi mimi hazinisumbui," alisema. "Ni mizizi tu. Mzizi una kiu kuliko mlevi."

Akausukuma waya bombani huku akiuzungusha. Ulikwenda, ukakwenda, ukagota. Aliupima kwa hatua juu ya ardhi, na hatua zikaishia chini ya mparachichi. "Si niliwaambia?" akasema.

Ketsia alihisi mabega yake yanapanda yenyewe. Alimgeukia Sudi na kumwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba sasa mchafu amepatikana, ni mti, tena mti wa Burundi, ambao haujavuka mpaka tangu uzaliwe. Mke wa fundi cherehani alicheka. Bibi Kasilda hakucheka. Aliinua uso akayatazama majani.

Adriano alivuta waya. Ndoano ya mbele ilitoka na vijizizi vyembamba kama nywele, na nyuma yake donge gumu la ukubwa wa mkate, la rangi ya kijivu, limeshikana na vipande vya nguo. Alilipiga kwa nyundo, likapasuka.

"Sabuni," alisema. "Sabuni ya miaka mingi, imenaswa na mizizi. Mama, mti huu itabidi ukatwe, tuchimbe."

Bibi Kasilda alikaa kwenye ngazi ya mlango wake. Alisema polepole, bila kumtazama mtu, kwamba mti huo aliupanda marehemu mumewe mwaka walioingia nyumba hii. Yeye amezikwa mbali, kwao Gishubi, na miguu ya mjane haifiki Gishubi kila wiki. Kwa hiyo akitaka kuongea naye, huongelea hapa. Kisha akamtuma Sudi alete shoka.

Ketsia alikuwa ameinama juu ya donge. Pale lilipopasuka, ndani halikuwa kijivu. Lilikuwa la rangi ya machungwa. Akalinusa, na harufu akaijua.

Asubuhi hiyohiyo, kama kila asubuhi tangu baridi ianze, mama aliiweka chupa ya mawese karibu na moto, kwa sababu mafuta yalikuwa yameganda na hayakutaka kutoka. Kule Uvira chupa haikuwahi kusogezwa motoni. Joto la ziwani huyaweka mafuta macho mwaka mzima. Unaosha karai, unamwaga, yanakwenda zake. Hapa Gitega, juu mlimani, yaliingia bombani yakiwa ya moto, yakakutana na udongo wa baridi, yakalala. Keshoye mengine yakalala juu yake. Na mkono uliokuwa ukiyamwaga haukuwa wa mama, wala wa Sudi, wala wa marehemu wa Gishubi.

Hakuna mwingine aliyejua. Fundi mwenyewe amesema sabuni. Kama angelirudisha donge chini, mti ungeanguka, bomba lingezibuliwa, Jumamosi ingepita, naye Jumatatu angekaa kwenye mtihani. Lakini ni yeye aliyesema mbele ya watu waangalie kwanza ndani ya bomba. Basi, wameangalia.

Sudi alirudi na shoka.

"Msikate mti," alisema Ketsia. "Hii si sabuni. Ni mawese. Ni yetu."

Adriano alitabasamu. "Binti, nimeanza kuzibua mabomba wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, fundi. Naomba uningojee."

Alileta karai lake lililosuguliwa, akaliweka kwenye mbabula, akatia kipande cha donge. Watu wakasogea. Kile kipande kilikaa kama jiwe, kikatoa jasho, kikaanza kuteleza, halafu kikayeyuka chote. Karai likajaa wekundu, na ua mzima ukanuka samaki wa Charlotte. Juu ya mafuta vikabaki vikielea vipande vya nguo, vingine vya bluu yenye maua ya njano. Sudi alivitazama, akaliegemeza shoka ukutani taratibu.

Mama naye alikuwa ametoka nje, begi mkononi. Ketsia hakuthubutu kumtazama. Alimtazama Bibi Kasilda. Aliinua kidevu, akasema:

"Mafuta ni yetu, bibi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyamwaga, kila siku. Kosa ni langu, na naomba msamaha. Lakini sisi si wachafu. Ukitutoa, ututoe kwa sababu ya mafuta. Usitutoe kwa sababu ya Kongo."

Aliyetangulia kusema ni Adriano, naye alianza kwa kujicheka. Alikiri kwamba angeuangusha mti bure, na kiangazi kijacho angeitwa tena kwenye bomba lilelile, na hapo angekata nini, ukuta? Vijizizi vile vilikuwa vichache. Angevinyoa kwa kisu cha waya, akaziba ungio kwa saruji mpya.

"Mti unabaki?" aliuliza Bibi Kasilda.

"Unabaki, mama."

Aliinuka, akajikung'uta kitenge. "Basi na wao wabaki," alisema, akaingia ndani.

Kazi iliendelea mpaka alasiri. Ketsia alitaka kumimina maji ya moto mara moja, mafuta yayeyuke yaondoke. Adriano akamzuia. Alisema maji ya moto peke yake huyahamisha mafuta tu. Yanakwenda mbele kidogo, yanapoa, yanalala tena mahali ambapo hata waya hautafika. Uchafu hauhamishwi, hutolewa. Basi wakayakwangua kwa waya, wakayatoa donge kwa donge, wakayazika mbali na nyumba. Ndipo kila mlango ukaleta sufuria ya maji yanayochemka, na sabuni, wakaliosha bomba.

Sudi alibeba ndoo bila kubana pua. Walipokutana kwenye chemba alisema kwa sauti ndogo kwamba vile vitambaa vilikuwa vya cherehani ya baba yake, na kwamba yeye ndiye aliyevitupa chooni.

"Niliviona," alisema Ketsia.

"Mbona hukusema?"

"Ilikuwa juu yako kusema."

Sudi alijikuna kichwa, akaziweka ndoo chini, akaenda kubisha mlango wa Bibi Kasilda. Alipotoka sikio lake moja lilikuwa jekundu, lakini alikuwa anatembea wima, na tangu siku hiyo lile jina la Tiyo halikusikika tena.

Kabla ya kuondoka Adriano aliwakusanya wote na kuwaachia sheria. Bomba si jalala; lilizaliwa kwa ajili ya nyumba moja na sasa linabeba tatu, kwa hiyo lihurumiwe. Vitambaa visiingie chooni. Karai lipanguswe kwanza kwa jani la mgomba kabla ya kuoshwa, na mafuta yaliyochoka yakusanywe koponi, yachanganywe na maranda ya seremala, yawashie moto. Jioni yake Bibi Kasilda alileta kopo tupu la maziwa ya unga, akaliweka kando ya kigoda cha Ketsia.

"Weka humu," alisema. "Na usinijibu."

Ketsia hakumjibu. Alicheka kidogo tu, na bibi naye akacheka mpaka ikaonekana kwamba ana meno.

Usiku ulipoingia na Bora akalala bila kulia tumbo, mama alimwita Ketsia akae karibu naye kitandani.

"Juzi ulinitia aibu," alisema. "Nilidhani una kiburi. Leo nimeona kitu kingine. Mimi nimezoea kuhama, mwanangu, mpaka nimesahau kukataa. Wewe kataa. Lakini ujue unachokikataa. Kataa tusi, usikatae kosa. Mtu akikataa vyote viwili, hata siku atakayosema kweli hataaminiwa. Na akikubali vyote viwili, atahama mpaka azeeke."

Akazitoa nguo begini, akazirudisha kwenye kamba moja baada ya nyingine. Kisha akalikung'uta begi, akalikunja, akalipandisha juu kabisa ya kabati, mahali ambapo mtu hawezi kulifikia bila kusimama juu ya kigoda.