Kimraba cha Kupimia

"Dada, usiichukue hiyo."

Mshonaji aligeuka, boksi la printa likiwa kifuani. Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa limejaa, watu bega kwa bega, na feni ya darini ilikuwa inazungusha joto lile lile. Nyuma yake alisimama fundi mmoja, mwanamume aliyebeba printa mbovu begani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri, ila mkono mmoja ulikuwa na doa la wino ambalo sabuni zote zilikuwa zimeshindwa kulitoa.

"Kwa nini nisiichukue?"

"Unaitakia nini?"

"Kuchapishia. Kwani ina kazi nyingine?"

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kompyuta yako inatumia mfumo gani?"

"Linux. Dada yangu ndiye aliyeiweka. Kompyuta yenyewe ni ya zamani, ule mfumo wa kwanza ulikuwa unaiua."

"Basi hiyo na Linux wataishi kama mke na mume walionuniana. Itakaa ndani, itakula umeme, lakini neno hutalisikia."

Muuzaji alinyanyua kichwa. "Fundi, umekuja kununua kipuri au kunifukuzia wateja?"

"Vyote viwili, kaka." Kisha akamwinamia mshonaji, akashusha sauti. "Ukitaka kuijua printa, ipelekee ukurasa kutoka kwenye simu, bila kupakia programu yake yoyote. Ikichapa hivyo hivyo, mara nyingi na Linux itaelewana nayo. Na uulize bei ya wino kabla ya bei ya printa. Kuna nyingine ni kama mbwa wa kupewa bure, halafu hali kitu ila nyama."

Mshonaji alilirudisha boksi. Alikuwa amevaa gauni la samawati alilolishona mwenyewe, lenye mifuko mipana, na shingoni ilining'inia tepu ya kupimia aliyosahau kuivua. Fundi aliitazama ile tepu, akamtazama mwenyewe, akaomba namba ya simu. Kwa ajili ya printa, alisema. Wote wawili walijua ni uongo, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubisha.

Mshonaji aliishi na mama yake ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo lisilo na lifti. Mama miguu ilikuwa imemsaliti. Siku moja binti aliposhuka kwenda kuchapisha karatasi za kukatia nguo, zile zenye mistari ya vipande, akakuta foleni, akarudi jioni, alimkuta mama ameketi sakafuni jikoni, birika limelala kando yake. "Sikuanguka," mama alisema. "Nilikaa tu, nikashindwa kusimama." Tangu hapo binti aliapa: ama apate printa ya nyumbani, ama aache kushona. Na kuacha kushona ni kuacha kula.

Mapenzi yao yalikuwa ya watu waliochoka. Fundi alimpigia kila alipofunga kibanda chake, mshonaji akiweka simu juu ya cherehani. Fundi alimwita Sindano, naye akamwita Wino.

"Sindano."

"Nambie, Wino."

"Umelala?"

"Sijalala. Nimefumba macho nikusikie vizuri."

"Umekula?"

"Nimekula kazi. Wewe?"

"Mimi nimekula vumbi la printa ya shule moja. Nimeshiba mpaka kesho."

Wakati mwingine walifanya kazi tu, simu ikiwa wazi. Mshonaji alisikia bisibisi ikigonga meza, fundi akasikia cherehani, na hayo yakawatosha.

Jumapili fundi alipanda ngazi na printa aliyoifufua mwenyewe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea mgeni?"

Mgeni hakusema neno. Taa iliwaka, karatasi haikutoka. Jumapili nyingine akaleta ya pili; hiyo ilitoa kurasa tupu, nyeupe, kana kwamba imezila. Mama akatania, "Hii inachapa kimyakimya." Fundi alicheka, lakini masikio yalimwaka moto. Mtu anayeponya printa za mji mzima ameshindwa na moja, tena mbele ya mtu anayetaka awe mama mkwe wake.

Ndipo ikafika siku mshonaji alipompeleka mama kliniki, akamwachia fundi ufunguo. Waliporudi, binti akimshika mama ngazi kwa ngazi, walisikia ile printa ya pili ikinguruma toka mlangoni. Karatasi zilikuwa zimepangwa mezani, mistari ya gauni imekolea.

"Umefanyaje?"

"Nimeibadilisha kidogo tu."

Mshonaji alikuwa amechoka mno kuuliza kidogo hicho ni kipi. Aliona kioo cha kompyuta kina sura nyingine, akadhani ni pambo. Na kwa furaha, akafanya kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi: hakupima kimraba. Kila ukurasa wa kukatia nguo una kimraba pembeni. Ukikipima kwa tepu na kikatimia, unakata. Kikipungua, usiguse mkasi. Yeye alishika mkasi.

Mteja alikuja kujaribu gauni lake la hariri. Mikono iligoma kwenye kiwiko. Yule mteja, mama mtu mzima, alisimama mbele ya kioo, nusu ndani, nusu nje, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi sijanenepa."

Alipoondoka, mshonaji alikipima kimraba. Kilikuwa kimepungua. Akampigia fundi.

"Wino, kile kidogo ulichobadilisha ni nini?"

"Niliitoa Linux. Nikaweka ule mfumo mwingine, ndiyo printa ikakubali. Kazi zako niliziweka pembeni, hazijapotea."

"Ukurasa unabanwa, mistari yote inatoka midogo. Nimekata hariri ya watu."

"Sikujua, mpenzi."

"Ungeuliza ungejua."

"Nilitaka tu upumzike. Mgonjwa haulizwi uji."

"Mimi si mgonjwa. Kompyuta ni yangu, kazi ni yangu, na mama ni wangu. Uliona mlango wa nyumba ya watu ni mgumu, ukabomoa ukuta."

"Sindano..."

"Nimechoka. Na leo nimechoka na wewe pia."

Akakata. Simu zilizofuata hakuzipokea. Mama aliitazama simu ikitetemeka juu ya cherehani, mpaka siku moja akasema: "Kijana aliona aibu, mwanangu. Wanaume aibu huwafanya wajinga."

"Na sisi?"

"Sisi hutufanya wakaidi."

Kwa msaada wa dada yake kwenye simu, neno kwa neno, alirudisha Linux mwenyewe. Yule mteja akashonewa gauni jingine, kwa hariri ambayo mshonaji aliinunua mwenyewe. Akarudi kwenye foleni ya kuchapisha, kila dakika akimwona mama sakafuni. Hatimaye akamwomba jirani akae na mama, akatia ile kompyuta mpakato kwenye begi, akaenda dukani. Safari hii hatanunua kwa boksi wala kwa neno la mtu.

Duka lilikuwa limejaa vile vile. Kwenye kaunta, mgongo kwake, fundi alikuwa amesimama na kompyuta chakavu iliyogandishwa kwa gundi pembeni.

"Dada, mchukue mtu wako," muuzaji alisema alipomwona. "Ameweka hiyo Linux kwenye kompyuta yake, anakuja kila siku kuchapa bure. Printa zote humu ameshazihoji kama polisi."

Fundi aligeuka. Macho yalikuwa mekundu kwa usingizi, na doa la mkononi limepata mwenzake. Hakujitetea. Alisogeza tu karatasi moja, iliyotoka kwenye printa ndogo nyeusi, nzito, isiyo na urembo. Katikati ya ukurasa hakukuwa na kitu ila kimraba.

"Inachapa rangi nyeusi peke yake," alisema. "Haitumii wino wa maji, ni wa unga, haukauki ukikaa. Haikudai kupakiwa chochote. Na ule ujanja wa kubana ukurasa nimeuzima. Lakini usiniamini."

Mshonaji aliivua tepu shingoni. Akaitandaza juu ya kimraba, upande mmoja, kisha wa pili. Watu walimsukuma mgongoni, hakusogea. Kisha akafungua kompyuta yake, akachapa chake mwenyewe, akapima tena.

"Kimetimia."

Fundi akashusha pumzi. "Naomba kuuliza kitu."

"Leo unauliza?"

"Najifunza. Nataka kuja kwenu Jumapili. Si kutengeneza kitu."

"Kufanya nini?"

"Kuzungumza na mama. Kuposa, akikubali. Ukikubali wewe kwanza."

Aliikunja tepu taratibu kidoleni, mpaka ikaisha, akaitia mfukoni mwa gauni la samawati.

"Njoo," alisema. "Ila printa utaibeba leo. Zile ngazi zimenichosha."

Mshonaji alipolipa, fundi aliinua boksi begani. Alipofika mlangoni akasimama, akageuka.

"Nipite kulia au kushoto?"

"Kushoto," mshonaji akasema, akamshika mkono wenye madoa.