Mlango Nyuma ya Kabati la Chai

Haya yalimpata Tamsin, binti wa mama yangu mdogo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mama wa ubatizo wa mtoto wake, nimesimama karibu, nimeshika taulo.

Ilikuwa Jumapili ya kawaida ya Februari hapa kwetu Lanvorrick, Cornwall. Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Mikate ya zafarani ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa, na nyumba nzima ilikuwa ikimcheka Kerra, mtoto wa miezi mitatu, aliyekuwa analia tangu kulipopambazuka. Kerra alikuwa na sauti. Kijijini walimwita Honi. Jory, baba yake, alisema akikua atampeleka kwenye mnara wa taa afanye kazi siku za ukungu, maana meli zitamsikia hadi upande wa pili wa bahari. Tamsin alicheka huku akibadilisha blauzi kwa mara nyingine. Ndivyo alivyokuwa: Kerra akilia tu, hata chumba cha pili, maziwa ya mama yake yalichuruzika yenyewe, yakalowesha nguo.

Tulienda kanisani kwa miguu, mtoto akilia njia nzima.

Birika letu la ubatizo liko karibu na lango kuu, pale unapoingia tu. Ni bakuli la jiwe juu ya nguzo, linafika kiunoni, na wazee walilikuta hivyo, na wazee wa wazee wao pia. Kwenye pembe zake vimechongwa vichwa vinne. Ni nyuso za watu, au karibu na watu. Macho makubwa, masikio yamekaa juu, midomo imefumbwa. Tulipokuwa watoto tulivisugua pua, tukabishana kipi kinafanana na mwalimu mkuu. Midomo yote ilikuwa imefumbwa. Muulize yeyote aliyekulia hapa.

Mkabala na birika kuna mlango wa kaskazini, mdogo, ambao hakuna mtu anayeupita. Bibi zetu waliutumia kwa jambo moja. Kabla maji hayajamgusa mtoto, mlango unafunguliwa, ili kile kibaya kilichomo ndani ya mtoto kipate pa kutokea. Amina ya mwisho ikishatamkwa, unafungwa papo hapo. Mtoto akilia wakati wa maji, watu hutabasamu. Maana yake kimetoka.

Mwaka ule mlango ulikuwa hauonekani. Pascoe, mzee wa kanisa, alikuwa amejenga jiko dogo la chai kwenye ukuta ule: sinki, jagi la umeme, na kabati refu la vikombe lililokazwa kwa skrubu mbele ya mlango. Tulifurahi sana. Kwa miaka mingi tulikuwa tukinywa chai ya baridi kutoka kwenye chupa.

Bibi Loveday, bibi yetu mimi na Tamsin, alisimama mbele ya kabati na fimbo yake. Akauliza mlango utafunguliwaje. Pascoe alikuwa anapanga vikombe.

“Bibi Loveday,” akasema, “huyo mgeni wako akitaka kutoka, atapita lango kuu kama sisi. Tena asubiri kwanza, anywe chai.”

Watu wakacheka. Hata mimi. Bibi hakucheka.

Kasisi Hester alimpokea Kerra, ambaye bado alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Akachota maji. Yakamgusa paji la uso.

Kilio kikakatika. Hakikufifia kama mtoto anavyobembelezwa. Kilikatika, kama redio iliyochomolewa kwenye umeme.

Kasisi alitabasamu, akamsifu kwa utulivu. Alipomrudisha mikononi mwangu nimfute, Bibi alinyoosha mkono, akaingiza vidole chini ya kofia ya mtoto, akamfinya chini ya sikio la kushoto. Wanawake wa kwetu hufanya hivyo mtoto asipolia. Alimfinya kweli, kucha mbili ziliacha alama mbili, kama miezi miwili michanga. Kerra hakulia. Hakukunja hata uso. Alikuwa anatazama kabati.

Ndani ya kabati kitu kikagonga. Mara moja tu.

Pascoe akasema ni mabomba mapya. Tukanywa chai.

Tangu siku hiyo Kerra hakulia tena. Alilowa, hakulia. Alisikia njaa, hakulia. Aliwekewa titi mdomoni, akalala nalo bila kunyonya, macho wazi; alichomeza ni vijiko vichache tu vya maziwa ya kopo. Daktari alimpima koo, masikio, kifua, akakosa ugonjwa. Lakini mtoto alikuwa anakonda, na mkono wake ukawa mwembamba kiasi kwamba kikuku cha ubatizo kikaanguka chenyewe. Daktari akasema Jumatatu inayofuata atalazwa hospitali, huenda awekewe mpira wa chakula puani. Aliposema “huenda” hakumtazama Tamsin machoni. Alama za kucha chini ya sikio zilikuwa bado pale, zimegeuka bluu.

Alhamisi mchana tulikwenda kanisani, sisi wawili, kuchukua shali iliyosahaulika. Jua lilikuwa linapita kwenye vioo. Kerra alikuwa nyumbani na baba yake.

Tulikuwa katikati ya kanisa tuliposikia mtoto analia.

Sauti ilikuwa ile ile. Honi. Ilitoka chini ya kifuniko cha mbao cha birika.

Nilimtazama Tamsin. Kifua cha blauzi yake kilikuwa kinalowa. Tangu Jumapili hakuwa ametoa tone. Sasa maziwa yalikuwa yanashuka hadi kiunoni.

“Dada Wenna,” akanong’ona. “Ni yeye.”

Tukainua kifuniko. Bakuli lilikuwa kavu. Kilio kikanyamaza. Nikainama niangalie nguzo, nikaona kichwa cha pembe ya kaskazini. Mdomo wake ulikuwa wazi.

Tulikimbia hadi kwa Bibi. Alisikiliza bila kutukatiza, akipapasa fimbo. Alisema njia iliziba, na palipoziba njia, mtoto ndiye aliyesukumwa nje badala ya kile kingine. Tamsin akasema basi tuufungue mlango leo hii. Bibi akasita. Mlango ule, alisema, una wakati wake, na mama yake hakumfundisha la kufanya wakati ukishapita. Mlango ni mlango. Haujui kutoa tu; unajua na kuingiza.

“Bibi, mwanangu anakufa,” Tamsin akasema.

Bibi akavaa koti.

Pascoe alikuja na bisibisi akinung’unika, akitutania kwamba tumekosa kazi. Alipofungua kabati akaishusha bisibisi. Skrubu zote zilikuwa zimelegea. Alikuwa amezikaza mwenyewe, kwa nguvu, na sasa kila moja ilikuwa imetoka nusu. Hakututania tena.

Tukaliburuta kabati pembeni. Kasisi Hester alisimama kwenye birika na kitabu chake. Tamsin alimshika Kerra juu ya bakuli. Jory akavuta komeo.

Upepo ukaingia. Baridi. Harufu ya udongo.

Upande wa kaskazini wa makaburi hakuzikwi watu, na majani yake hayafyekwi. Yalikuwa marefu, yamelowa. Yakaanza kulala. Mstari mmoja, mwembamba, kama yanavyolala pale mtu anapopita. Ulianzia kwenye ukuta wa makaburi, kwa mbali.

Ulikuwa unakuja kwetu. Unakuja, hauendi.

“Funga,” Bibi akanong’ona. “Jory. Funga.”

Jory aliusukuma mlango. Komeo likalia. Na papo hapo, mikononi mwa Tamsin, mtoto akalia.

Alilia kwa sauti ya kujaza kanisa. Jory akapiga magoti. Kasisi alilia naye, na Pascoe akageukia ukuta ili tusimwone anafuta macho. Mtu akawasha jagi la umeme. Hakuna aliyemwangalia Tamsin ila mimi na Bibi.

Blauzi yake ilikuwa kavu.

Mtoto analia, na mama yake mkavu, amesimama, anamtazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani.

Bibi alisogea. Akaingiza vidole chini ya kofia, akaikunja kidogo. Ngozi chini ya sikio la kushoto ilikuwa safi. Asubuhi ile nilizibusu alama zile mimi mwenyewe. Bibi akaishusha kofia taratibu, akaifunga kamba vizuri, akatoka nje bila kuaga. Hakukanyaga kanisa tena hadi tulipompeleka kumzika.

Daktari alisema maziwa ya Tamsin yamekaushwa na hofu. Kerra alikuzwa kwa maziwa ya kopo. Alinenepa haraka. Sasa yuko darasa la pili; ana afya, ni mcheshi, anaimba kwa sauti kuliko wenzake. Akija kanisani hukaa benchi la mbele kabisa, na wala hageuki kutazama nyuma, kwenye birika. Mama yake anamvika vizuri, anampikia, anamsuka nywele. Sijawahi kumwona akimbusu.

Jiko la chai limehamishiwa chini ya mnara wa kengele. Sasa mlango wa kaskazini hufunguliwa kila ubatizo, kabla ya maji, na hufungwa kwenye amina, na Pascoe ndiye anayelishika komeo. Hakuna anayemcheka.

Zamu ya kupamba maua kanisani ni ya wanawake wote, lakini wengine wamemwachia Tamsin. Huenda siku za katikati ya wiki, mchana, peke yake, na hujifungia kwa ndani. Akitoka, amefunga koti hadi shingoni, hata majira ya joto.

Mwezi uliopita niliingia mara tu alipoondoka. Nilikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya kaskazini ya birika. Chini ya sikio la kushoto la kile kichwa, ndani ya jiwe, kuna mikwaruzo miwili iliyopinda, kama miezi miwili michanga. Mdomo bado uko wazi. Kutoka kwenye mdomo, hadi kidevuni, kulikuwa na mchirizi mweupe.

Pascoe huufuta kila Jumamosi. Anasema ni chokaa. Mawe ya zamani hutoa chokaa.

Niliugusa kwa kidole. Ulikuwa na joto.