Majembe Yaliyoitika

Weye uliyemaliza shule, kaa hapo kwanza. Minye niliacha darasa la nne, mwalimu akiwa amechoka kunipiga, lakini hiki nitakachokusimulia hukikuti katika daftari lako hata moja. Utacheka. Cheka tu. Halafu nenda mwenyewe kwenye uwanda wa Ruzizi, upande wa Kamanyola, usimame asubuhi mpakani mwa shamba la mjomba wangu, uite majina. Kama ni mwanaume, ita.

Mjomba aliitwa Sévère. Alikuwa na shamba moja, mke mmoja, Apolline, watoto wanne, na mgongo uliougua kila ilipofika zamu ya mwenzake. Kwao hakuna aliyeweza kuajiri vibarua. Nyumba nne zilisaidiana: leo wote kwako, kesho wote kwangu, mpaka mashamba yote yaishe kabla mvua haijashika. Kila nyumba ilitoa jembe moja. Kabla ya kuanza, mwenye shamba alisimama mpakani akaita majina, na aliyeitwa hakujibu kwa mdomo. Alipiga jembe chini mara moja. Ukishapiga, umeingia. Hutoki mpaka shamba la mwisho limalizike.

Sévère alipiga kwa kishindo kuliko wote. Siku ya shamba lake alikula na kucheka. Siku ya shamba la Agathe, mjane jirani yake, alijifunika blanketi na kukohoa.

"Mgongo yako inajua kalenda," Agathe alimwambia.

"Na mulomo yako haichokake, mama."

Ukaja mwaka wa waasi. Simba, ndivyo walivyojiita, wakachukua Uvira, serikali ikarudi na askari wake, watu wa uwanda wakawa wanalala porini. Mchana mmoja watu wenye bunduki walipita kijijini. Wa upande gani, kila mtu ana jibu lake. Sévère na watu wake walikuwa wamejificha kwenye matete ya mto. Agathe, pamoja na Libérat na Octave wa zile nyumba mbili nyingine, yaani majembe yote matatu ya zamu, waliuawa, wakazikwa nyuma ya nyumba zao.

Mvua ilikuwa inakaribia. Mbegu ya mahindi ilikuwa kapu moja, limening'inia juu ya moshi wa jiko. Isipoingia ardhini upesi, watoto wangeila, na baada ya hapo hakuna mbegu wala chakula. Apolline alikuwa na mimba kubwa, hainami. Sévère alilima peke yake kutwa, jioni akageuka kutazama: sehemu aliyomaliza ingetosha kutandika mkeka.

Kesho yake asubuhi ukungu ulipanda kutoka mtoni. Akasimama mpakani, akatema mate, akacheka kile kicheko chake cha kuchokoza watu.

"Agathe," akaita. "Libérat. Octave. Kujeni basi. Leo ni kwangu."

Ndani ya ukungu: pu.

Pu.

Pu.

Apolline alikuwa nyuma yake na kibuyu cha maji. "Weye iko unaita nani?" akanong'ona. "Bale tulizika."

"Nyamaza. Acha balime."

Hawakuona kitu. Walisikia majembe tu, karibu karibu, bila wimbo, bila mtu kuhema. Jua lilipotoboa, shamba lilikuwa limelimwa lote. Udongo laini, magugu hayapo. Na kila tuta lilikuwa na urefu wa mtu aliyelala.

Sévère akapanda mahindi yake siku hiyohiyo, akipiga mluzi.

Alfajiri iliyofuata sauti ikatoka shamba la Agathe. Kavu. Haina haraka.

"Sévère."

Akajifunika blanketi. Akakohoa. Mazoea.

Jembe likapiga ukuta wa nyumba kwa nje. Mara moja. Udongo ukamdondokea usoni.

"Sévère."

Akainuka. Apolline akamshika shati, shati likabaki mkononi mwake. Mumewe alilima shamba la Agathe mpaka jioni, akarudi, hakula. Akaitwa kwa Libérat. Akaitwa kwa Octave. Apolline akapumua: mashamba matatu, basi, yameisha. Alisahau misimu yote ambayo mume wake alikuwa amekohoa.

Zamu ikarudi kwa Agathe. Ikazunguka tena. Na tena. Kule kwake Sévère mahindi yaliota, na magugu yakaota zaidi. Apolline alijifungua, hakuna wa kupalilia. Mahindi yakawa ya manjano, mbuzi wa watu wakaingia wakamaliza. Akamfuata mumewe, mtoto mgongoni.

"Batoto banalala na njaa. Rudi kwako."

Hakuinua kichwa. "Iko bado," akasema. Udongo ukamtoka mdomoni pamoja na neno.

Siku moja Apolline alikuta jembe peke yake limesimama katikati ya shamba la Octave. Hakukuwa na nyayo za kutoka. Mpini ulikuwa bado wa moto. Akakusanya watoto, akaenda Kamanyola kwa kaka zake. Shamba lake hakuvuna hata gunzi.

Sasa kuna kipande nimekiruka. Asubuhi ile ya ukungu hawakuwa wawili. Minye nilikuwepo, nimekwenda kuomba unga, mjomba akanipa jembe badala ya unga. Alipomaliza kuita wafu, akanitazama kwa dharau, akaita na jina langu. Nami kwa maskhara nikapiga chini. Mara moja.

Siku hizi nakaa Uvira, Kimanga, nauza chumvi na sabuni. Jembe sijaligusa tangu siku ile, kwa ninavyojua. Lakini majuzi Apolline alipita kwenye meza yangu. Alisema mashamba yale matatu yamelimwa tena, na hakuna aliyeona mtu. Matuta mengine yametupiwa udongo upande uleule aliokuwa akitupia mume wake. Mengine yametupiwa upande wa pili.

"Katika ukoo yote," akasema polepole, akitazama mkono wangu wa kushoto unaopima chumvi, "muntu wa mashoto iko mumoja tu."