Nguzo ya Kumi

Alhamisi asubuhi duara la mawe lilikutwa na shimo. Nguzo kumi za tangu enzi na enzi zilibaki tisa. Iliyoibwa ilikuwa fupi kuliko zote, ya kufika gotini, lakini mtu mmoja asingeinyanyua.

Inspekta Demba Bah alifika kutoka kituo cha polisi cha mji wa Janjanbureh bila hata kunywa chai. Kibaya zaidi, kijiji chenyewe kilikuwa cha akina Jallow, watani wa akina Bah, ambao utani wao ni kuitana walafi wa maharage. Hapo utamhoji nani akujibu ya maana?

"Jana ulikuwa wapi?" alimuuliza mlinzi, mzee Gibbi Jallow.

"Nyumbani. Nilikupikia maharage, Bah, hukuja."

"Mzee, nguzo isipopatikana leo, kesho huna kazi."

Gibbi akaacha kucheka. Alikuwa amelinda mawe yale miaka ishirini na miwili.

Bah alikagua eneo la tukio. Kulikuwa na alama za mkokoteni wa punda. Vile vijiwe ambavyo wageni na wenyeji huviweka juu ya nguzo wakiomba haja zao, mwizi alikuwa amevihamishia nguzo ya jirani, vyote, kwa uangalifu.

"Mwizi gani huyu anaheshimu dua za watu?" Bah alinung'unika. "Vijiwe hivi nani huvigusa?"

"Mimi. Ofisi ya makumbusho imeamuru nivifagie kila Ijumaa."

"Nani amewahi kulalamika?"

"Watu wote."

"Mzee!"

"Takko," Gibbi alisema kwa shida. "Mjane wa ndugu yangu."

Alama za magurudumu nazo ziliishia uani kwa Takko. Alikuwa anatwanga mtama.

"Karibu, mla maharage."

"Mama, nimechoka na maharage. Nguzo iko wapi?"

"Nyuma ya jiko."

Kweli ilikuwepo, imesimamishwa vizuri, na kijiwe kimoja juu yake.

"Nani alikubebea?"

"Wakwe zangu wawili, waliooa binti zangu. Niliwaambia nataka pa kuwekea mtungi. Mkwe atamkatalia mama mkwe?"

Bah alijifuta jasho. Katika miaka yote ya upelelezi hakuwahi kusikia genge la wizi la namna hiyo.

"Kwa nini, mama?"

Takko aliweka mchi chini. "Mwanangu Gello alipanda mtumbwi kwenda Hispania. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu aondoke, sijasikia sauti yake. Naweka kijiwe, Gibbi anafagia. Naweka tena, anafagia. Mtoto atafikaje, dua yake inafagiwa kila Ijumaa?"

Gibbi, aliyekuwa amemfuata Bah na kusimama mlangoni, aliinamisha kichwa.

"Nguzo lazima irudi," Bah alisema taratibu. "Na utakuja kituoni kuandika maelezo."

"Nitakuja. Lakini kituoni mna orodha ya waliozama. Hapa kila mtu ananibembeleza. Wewe ni mtani wangu, mtani haoni haya. Niulizie."

Bah alipiga simu kituoni. Alisubiri jibu huku anatazama ukuta.

"Jina lake halimo."

"Kwa hiyo yu hai?"

Angeweza kusema ndiyo. Aliitamani sana ile ndiyo.

"Wengi wanaozama hawaandikwi, mama. Sijui. Hakuna anayejua."

Takko aliiendea nguzo. Kisha akakichukua kijiwe, akakifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Ahsante, Bah," alisema. "Pakieni jiwe lenu."